Kilio ku Jiwe ya Vita

Likasi, Kikula, tarehe 9 février 2025

Kwa Mama yangu Mélanie,

Jambo. Uko namna gani? Tumbo inaendelea? Minye niko. Mugongo inauma, lakini ile ni ya kazi, haiko ya magonjwa. Huku mvua inanyesha ya nguvu. Umusalimie bwana yako Amani. Umwambie asikuachie mizigo ya kubeba.

Naandika juu ku telefone sijue kusema. Rachida wa duka atapiga hii barua foto, atakutumia. Alicheka mwandiko yangu. Nilimwambia auze sukari yake.

Nilisikia jambo yako ya jina. Unataka mutoto mwenye anakuya apewe Mwilambwe, jina ya kambo yangu. Minye nasema hapana.

Usikasirike mbio. Sikiliza kwanza. Weye uko na jina ya mama yangu, Ngoie. Njo maana nakuita Mama. Njo maana vile ulikuwa kiloko ulikuwa unaniamrisha na minye nanyamaza, bantu banacheka. Lakini mama yangu alikufwa hapa hapa. Tulimulilia, tukazima moto ya kilio, bakubwa bakauliza nani atakamata jina. Nyuma yake njo ukazaliwa. Kila kintu ilipita mu njia yake.

Kambo Mwilambwe hapana. Bazungu balimutosha mu kazi ya mine, kule ya kuchimba shaba, wakati hii mugini ilikuwa inaitwa Jadotville, bakamutuma ku vita ya Abyssinie. Aliacha bibi yake na tumbo. Ile tumbo njo papa yangu. Vita ikaisha, benzake bakarudia. Mumoja akakuya ku nyumba, akasema Mwilambwe alibakia kule, ku mulima. Kambo mwanamuke akamufukuza na mwiko ya kupika bukari. Alisema kama bwana yake alikufwa, serikali ingetuma muntu kumwambia. Serikali haikutuma muntu. Alingojea mpaka akazeeka, akakufwa anangojea.

Kwa ile hakukuwa mwili, hakukuwa kaburi, hakukuwa kilio. Jina ya muntu mwenye hakuliliwa haipewe mutoto. Mwenyewe anaweza kuwa angali anaitafuta. Umuachie Amani achague jina ku bantu ya kwabo.

Habari ingine. Nilipata kazi. Banatengeneza jiwe ya vita, ile ya pembeni ya gare ya treni, juu mwezi ya saba kutakuwa fête ya kukumbuka vita na bazungu batakuya. Chef wa chantier, mukubwa wetu wa kazi, anaitwa Parfait. Minye napiga béton, nachanganya sementi na muchanga. Ku jiwe kuko majina ya bazungu benye balikufwa ku ile vita ya Abyssinie, moja moja, na jina ya papa na mugini ya kuzaliwa. Banaitia rangi ya dahabu. Ya betu iko chini kabisa. Inasema: «Na baaskari wao.» Njo basi.

Kula muzuri.

Mutoto wako na papa yako,
Banza


Verviers, tarehe 20 février 2025

Papa,

Jambo ya moto moto, juu hapa theluji imefika ku magoti. Uko muzima? Mugongo umeipakaa ile mafuta nilikutumia, ao uliipatia jirani? Minye niko bien. Mutoto ananitapisha kila asubuhi sawa anataka kutoka leo. Amani anakusalimia, na mizigo anabeba yeye.

Nilisoma barua yako ku kazi, mu couloir ya ile nyumba ya bazee. Nilikasirika mbio, Papa. Ulisema nisikasirike, na nilikasirika.

Acha nikuambie. Mu hii nyumba kuko bibi mumoja muzee sana, minye njo namuogeshaka. Kaka yake alikufwa ku vita ileile ya wakati ya Kambo. Alikuwa anapika mikate tu. Jina yake iko ku jiwe, hapa mbele ya église, kanisa yabo, na kila mwaka mwezi ya kumi na moja banakamata huyu bibi na kiti yake ya magurudumu, banamupeleka. Burgomestre, mukubwa wa mugini, anasoma majina. Kama anasoma mbio, bibi anamukaripia mbele ya bantu. Minye nilimusukumaka ile kiti. Nilisimama pale na baridi, nasikiliza majina ya bantu sijue, moja, moja, moja. Na nilikuwa nafikiri: ya kwetu banasoma wapi?

Sasa unaniambia jiwe iko pale Likasi, unaitia béton na mikono yako, na Kambo eko ndani ya «baaskari wao». Wao, Papa. Sawa vile banasema mbuzi yao.

Unasema hakuna kaburi. Alors baandike jina yake pale. Jiwe itakuwa kaburi, tutamulilia, na mutoto atapata jina. Mutoto atazaliwa mwezi ya munane. Wakati iko. Nitaandikia ile comité yenye inatengenezesha jiwe barua ya Kifaransa, ya kupanga muzuri. Na weye uende ubaone na macho yako.

Kama niko Mama yako kweli, njo nakuamrisha.

Mama yako,
Mélanie


Likasi, tarehe 16 mars 2025

Kwa Mama yangu,

Pole na theluji. Minye niko. Mafuta niliipakaa. Kiloko nilipatia jirani.

Nilifanya vile uliamrisha. Nilianza na chef Parfait. Alicheka. Alisema muzee, weye uko wa kupiga béton, majina iko ya bantu ya mu bureau. Nilimuacha.

Nilienda ku bureau. Mukubwa wa comité ni mwanamuke, Maman Josée. Hana ubaya. Alinipa kiti, akanipa maji. Barua yako ilikuwa ku meza yake. Alisema Kifaransa yako ni ya muzuri sana, akaniuliza ulisoma wapi. Nikasema Mulungwishi. Akafurahi, naye alisoma Mulungwishi. Kisha akasema haiwezekane.

Alieleza. Majina ya bazungu ililetwa zamani vile iko, beye banatengeneza tu. Wakiweka jina moja ya mweusi, kila familia itakuya na yake, na bengine hakuna muntu anabajua. Nikamuuliza ya bazungu balijuaka namna gani. Akasema bazungu balikuwa banaandika. Nikamuuliza ya betu nani aliwakataza kuandika. Akakunja barua yako.

Kisha akasema: «Papa Banza, yale maneno ya chini ni ya bote.»

Nikasema: «Kama ni ya bote, futa majina ya bazungu, ubatie nao mu bote.»

Hakukasirika. Alisimama, akanisindikiza mpaka ku mulango. Lakini jibu ilibakia ile ile.

Kesho yake Parfait akaleta plaque mupya. Ya chuma, inangaa. Kule juu majina yote ya bazungu, kule chini «Na baaskari wao». Akaniambia niikamate, aifunge. Niliikamata. Iko nzito. Nikaangalia yale maneno, yako hapa mbele ya macho yangu. Nikaiweka chini, polepole, isivunjike. Nikaacha mpau yangu ya kuchota béton pale pale, nikarudia ku nyumba.

Kazi iliisha. Usifikiri juu ya ile. Mihogo iko mu shamba.

Jina hapana. Nilikuambia tangu mbele.

Papa yako,
Banza


Verviers, tarehe 2 avril 2025

Papa wangu,

Jambo na pole. Pole sana. Nilisoma barua yako mara mingi, na kila mara nilikuwa naona ile mpau chini. Uko unakula? Niambie kweli, hapana ya kunifurahisha.

Ni kosa yangu. Nilikutuma kwa nguvu, sawa vile nilikuwa mutoto ya miaka tano. Minye niko hapa mu nyumba ya moto, weye njo ulipoteza kazi.

Papa, tuache. Nilisemezana na Amani. Kama mutoto ni mwanaume tutamuita jina ya kaka ya Amani, kama ni mwanamuke tutamuita Jaël, ni muzuri, haina shida na muntu. Kambo abakie vile alikuwa. Usiende tena ku bureau ya muntu.

Vile Mama, bibi yako, alikufwa, sikukuya. Papiers za safari hazikukuwa. Nililia peke yangu ku telefone, Rachida anashika telefone hewani nisikie bamama banaimba. Unajua ile. Nilifikiri na hii jina nitatengeneza kintu. Lakini sitaki itengenezwe na mugongo yako.

Uniandikie, ata mustari moja.

Binti yako,
Mélanie


Verviers, tarehe 11 mai 2025

Papa,

Jambo. Hii ni barua ya pili bila jibu.

Nilipiga Rachida telefone. Anasema uko muzima, unakula kwake siku zingine, lakini asubuhi unatoka na ile kofia yako, unarudia jioni na vumbi mpaka ku masikio. Juzi balikuona kule Panda. Siku ingine uliomba dereva akufikishe Kakanda. Namuuliza unatafuta nini, anasema: «Muulize mwenyewe, minye nauza sukari.» Ninyi babili munanifichia kintu.

Papa, kama unatafuta kazi ku miaka yako, ubakie ku nyumba. Kama kuko mwanamuke, niambie, sitalia. Nitalia kiloko tu.

Tumbo imekuwa mukubwa. Sioni miguu yangu.

Binti yako mwenye anangoja,
Mélanie


Likasi, tarehe 8 juillet 2025

Kwa Mama yangu Mélanie,

Jambo. Minye niko. Baridi ya mwezi ya saba iko ya nguvu, tulikaa nayo inje na hatukufwa. Natumaini miguu yako iko pahali pake, ata kama hauione.

Hakuko mwanamuke.

Nilikawia kuandika juu nilikuwa na mambo. Leo nitaandika mingi. Rachida amekubali kupiga foto kila ukurasa.

Wakati ulisema tuache, nilikubali. Nilikuwa nakaa mbele ya duka, nakula biskuti ya Rachida. Nikamuelezea. Akaacha kuhesabia muntu sukari. Akasema kambo wa papa yake, Djibril, naye alitoka Kasongo na baaskari, hakurudia. Nikamuuliza mulimulilia? Akasema walimusomea dua ya njia tu siku alitoka, kaburi hawaijue. Hakuna mukubwa wa serikali alikuya kwabo nao.

Njo nikafikiri. Nilikuwa nabeba jambo sawa ni yangu peke yangu. Nikaanza kutembea. Nilienda Panda, nilienda Kamatanda, nilienda Kakanda, nilienda mpaka ku bazee ya Mulungwishi. Nilikuwa nauliza kintu moja: hapa kuko muntu mwenye alienda na vita ya bazungu, hakurudia, hakuliliwa? Pengine balinifukuza, balifikiri niko wa Kanisa ya mupya. Lakini mu nyumba mingi, muntu alikuwa analeta kiti. Muzee Kabongo wa Panda alilia mbele ya bajukuu yake. Alisema hakuna muntu alimuuliza ile tangu azaliwe.

Tukapatana. Jiwe haina majina yetu, sawa. Lakini kulia hakuombewe ruhusa. Tutafanya kilio yabo bote, pale ku jiwe, mbele ya fête ya bazungu kuanza.

Ijumaa tulifika na kuni. Bamama bakatandika mikeka chini, Rachida akaleta ya msikiti yabo. Banaume tukakaa ku matofali, tukawasha moto mu katikati. Bamama bakaanza kuimba. Unajua vile inakuwaka. Bantu ya ku gare, bantu ya ku soko, hata habatujue, banasikia kilio, banakuya, banatupa kipande ya kuni, banakaa. Bapolisi bakafika kutufukuza. Mukubwa yabo akauliza nani alikufwa. Muzee Kabongo akamuonyesha pa kukaa. Unajua polisi hawezi kufukuza kilio, mama yake angesikia. Akatosha kofia, akakaa. Asubuhi alikuwa angali pale, anachochea moto.

Kesho yake, samedi, Maman Josée akafika na gari, na viatu ya fête, na karatasi ya discours ya kusomea bageni. Akaona moshi, akaona bantu chini kila pahali. Alishuka anakimbia. Akauliza kwa sauti, hii ni nini, bageni bako ku njia.

Bamama baliendelea kuimba.

Akauliza tena, kilio ya nani? Mama mumoja akasogea ku mukeka, akamupa nafasi. Yeye ni mwanamuke wa hapa. Anajua muntu anafika ku kilio anakaa kwanza, njo anaelezewa. Alibaki anasimama. Nikaona anaangalia mukeka, anaangalia njia, anaangalia mukeka. Kisha akatosha viatu, akakaa chini katikati ya bamama na ile robe yake ya muzuri.

Njo nikasimama. Nilimuelezea vile tunaelezeaka kifo. Nikasema: «Mwilambwe alitoka hapa muzima. Alikuwa na mikono ya nguvu na bibi na tumbo. Walimupa bunduki ya vita ya bengine. Alikufwa ku mulima ya Abyssinie, hatujue siku, hatujue ni risasi ao ni njaa. Kifo yake hatukuletewa. Leo tumeikamata sisi benyewe.»

Nikakaa. Muzee Kabongo akasimama, akaelezea ya kwake. Na Rachida, akasema Djibril. Na bengine, na bengine. Maman Josée alikuwa analia. Sijue juu ya nani, sikumuuliza.

Bazungu bakafika. Balifikiri kilio iko mu programme. Mumoja muzee, na kravati, akamuuliza Maman Josée kitu mu Kifaransa. Akamujibu bila kusimama. Parfait alinitafsiria nyuma: alimwambia hapa munakaa kwanza. Muzungu akatafuta kiti kwa macho, hakuona. Akakaa ku tofali. Bengine nao bakakaa. Mumoja alikaa karibu na moshi, akakohoa mpaka mwisho, Mungu amusaidie.

Nyuma wakafanya fête yabo. Maman Josée akapanda, akasoma majina ya bazungu, moja moja. Tulinyamaza, nao ni bantu, nao balikuwa na bamama. Akafika chini. «Na baaskari…» Akasimama pale. Akafunga karatasi. Akasema: «Bakubwa, museme benyewe.»

Akaleta micro ku moto. Kila familia ikasema ya kwake. Ilifika kwangu. Ile micro iko nyepesi, unafikiri haina kitu. Nikasema Mwilambwe. Ikatoka kubwa, ikaenda mpaka ku gare, ikarudia. Sijasikia jina ya kambo yangu na sauti vile.

Plaque ingali pale. Maman Josée amesema bataitosha, bataandika ingine. Alinirudisha ku chantier nikamate majina mu familia zote. Sijue kama itafanyika. Nitaona. Parfait haniiti tena weye wa béton.

Lakini acha plaque. Kesho yake, dimanche, tulizima moto. Tukanawa. Bakubwa bakakaa, bakauliza vile inaulizwa, jina kwa jina: huyu, nani atakamata jina yake? Bakafika ku Mwilambwe. Bakaniangalia.

Nikasema iko mu tumbo, Ulaya.

Bamama bakapiga vigelegele. Muzee Kabongo akasema njia ni ya mbali, lakini ule ni askari, amezoea.

Njo hii, Mama. Alililiwa. Umupatie mutoto jina.

Mutoto wako na papa yako,
Banza


Verviers, tarehe 19 août 2025

Kwa mujukuu wangu Banza,

Jambo. Uko? Minye niko. Nilifika juzi. Usiniulize nilikuwa wapi wakati yote, ni hadithi mukubwa, na kinywa yangu ingali bila meno.

Mbele ya yote, usishangae: nimerudia niko mwanamuke. Bakubwa ya huko wasiseme kitu. Niliwaambia nitarudia, sikusema namna gani.

Binti yako Mélanie ananiangalia muzuri. Ananiogesha, ananipa maziwa, lakini analia sana, ata wakati minye nimenyamaza. Njo anashika hii kalamu sasa, juu mikono yangu inakamata kila kitu isipokuwa kalamu. Bwana yake Amani anaogopa kunibeba. Nilimukojolea, ameanza kuzoea. Huyu Mélanie anasema wewe unamuita Mama, juu ya jina ya mama yako Ngoie. Alors kwangu yeye ni muke wa mutoto wangu, na atafanya vile ninasema. Ninamuamsha wakati ninataka.

Nilisikia ulinitafuta Panda na Kakanda na miguu. Nilisikia uliacha kazi juu yangu. Ulifanya muzuri, mujukuu, lakini usirudilie, uko muzee. Umushukuru Rachida na mikeka. Ule polisi umuambie nimesema merci ya moto.

Sasa habari. Leo asubuhi Amani alienda ku commune, bureau ya kuandikisha batoto, kunitangaza. Muzungu wa pale alikuwa na miwani ku pua. Aliuliza jina. Amani akasema Mwilambwe. Muzungu akasema rudilia, polepole. Amani akarudilia, herufi kwa herufi. Muzungu akaandika. Kisha akasoma kwa sauti, asikosee, na bantu bote benye balikuwa ku mustari balisikia.

Nitakuya kukuona wakati nitajua kutembea. Binti yako anasema papiers ziko sasa.

Ukipita ku jiwe, usalimie benzangu. Ubaambie nimetangulia kurudia.

Kambo yako,
Mwilambwe